Jina Alilolitaja Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chelimo alifagia mbele ya duka la nafaka la mama yake mdogo, Milcah. Duka hilo lilikuwa katika mji wa Rongai, kaunti ya Nakuru, na usiku haukuwahi kupita bila magunia kumwaga punje mlangoni. Chelimo aliyakusanya mahindi yaliyomwagika, akawatupia kuku wa jirani, kisha akamsaidia Mama Mdogo kusogeza gunia la maharagwe hadi mahali ambapo wateja wangeliona. Baada ya hapo alinawa miguu, akavaa sare na kushika njia ya shule pamoja na rafiki yake Fancy. Wote wawili walikuwa Gredi ya Sita.

Chelimo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga. Mama yake, Jemutai, alikuwa Uarabuni, akifanya kazi ya nyumbani katika mji wa Maskati, nchi ya Omani. Aliondoka Chelimo akiwa Gredi ya Nne, siku ambayo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tangu hapo, Chelimo akisikia harufu ya mvua ikigusa vumbi, alimkumbuka mama hata kama alikuwa katikati ya mchezo.

Nyuma ya mlango wa chumba chao kulining'inia leso ya mama, ya rangi ya machungwa. Mama Mdogo alitaka kuifua mara kadhaa, na kila mara Chelimo alimsihi aiache. Harufu ya mama ilikuwa imebaki kidogo tu, pale kwenye pindo, na kila alipoinusa alikuwa na hofu kwamba anaimaliza.

Kilichomtia nguvu ni Jumapili. Kila Jumapili baada ya kanisa mama alipiga simu kwa mtandao, na wao waliiegemeza simu juu ya mzani wa duka ili wamwone vizuri. Alionyesha jiko la watu, nguo za watu alizopiga pasi, na mara nyingine kipande cha bahari kwa mbali. Chelimo hakuangalia jiko wala bahari. Aliangalia mikono ya mama.

Darasani kwao kulikuwa na atlasi moja kubwa iliyochakaa kingo. Chelimo alianza kuifungua ili aione Omani tu. Aliweka kidole kimoja juu ya Nakuru na kingine juu ya Maskati, na bahari iliyokuwa kati yao haikuzidi upana wa kiganja. Kidogokidogo akaanza kusoma majina ya nchi nyingine pia, hadi akayajua mengi kuliko mwanafunzi yeyote. Wenzake wakamwita Atlasi.

Jina hilo lilimpendeza mno. Akaamini kwamba kila mahali pana jina moja tu, lile lililoandikwa kwenye atlasi yao ya Kiingereza, na kwamba lina namna moja tu ya kutamkwa, ile yake. Fancy alipotaja Misri, Chelimo alimkata maneno.

"Hakuna nchi kama hiyo. Ni Egypt."

"Lakini hata kwenye Biblia ni Misri," Fancy alijitetea.

"Biblia ni Biblia. Mimi nakwambia ya atlasi."

Mzee Kipketer, mkulima aliyeleta mahindi dukani, alizoea kusema "Nakuro" kama walivyosema wazee wa kwao. Chelimo alimsahihisha hata yeye, mpaka Mama Mdogo akamkanya: "Wee, huyo ni mzee wako!" Na mama yake pia hakusalimika.

"Huku Maskati jua linachoma hadi usiku," mama angesema kwenye simu.

"Sema Maskat, mama. Bila i."

"Haya, Maskat," mama angejibu akicheka. "Mwalimu wangu huyu!"

Jumapili moja mwezi wa Juni, mtandao ulikuwa mbaya. Mama Mdogo alikuwa nje akimpimia mteja maharagwe, kwa hiyo Chelimo alipokea simu peke yake. Uso wa mama uliganda, ukapotea, ikabaki sauti tu, nayo ilikuja vipandevipande.

"Chelimo, unanisikia? Wiki hii tume... na mizigo yote... Sasa tuko Ammaan."

"Wapi?"

"Ammaan." Mama alilivuta jina lile mwishoni kwa uangalifu, kama mtu aliyefundishwa juzi tu.

Chelimo alicheka. "Mama! Umekaa huko miaka miwili na bado hujui kutamka? Ni Oman. O-man."

"Hapana, mama yangu, sikiliza. Wenyewe husema Ammaan."

"Wenyewe nani? Atlasi imeandika Oman. Fancy akikusikia atanicheka shule nzima."

Pakawa kimya. Chelimo hakujua kama ni mtandao au ni mama.

"Basi sawa," sauti ikarudi, ndogo kuliko mwanzo. "Oman." Halafu mama akasema jambo kuhusu Yordani, kwamba ameuona kwa macho yake, na kwamba amemkumbuka sana nyanya aliyekuwa akiimba habari zake jikoni. Chelimo alidhani ni mahubiri mama aliyoyasikia mahali. Akataka kumweleza kuhusu mashindano ya riadha shuleni, lakini mama alikuwa bado anaongea. "Tumbo linanisumbua kidogo, ila..." Simu ikakatika.

Mama Mdogo aliingia akijipangusa vumbi la maharagwe mikononi. "Amesemaje?"

"Yuko salama," Chelimo alisema. "Mtandao tu ndio mbaya."

Jumapili iliyofuata waliweka simu juu ya mzani, wakangoja. Mama Mdogo alipika chai, wakainywa, wakapika nyingine. Simu haikulia. Walipopiga wao, haikuita hata mara moja. Jumapili ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Chelimo alianza kutoka kanisani mbio kabla ya baraka ya mwisho, huku moyo ukimwambia kwamba leo, leo hakika, angekuta jina la mama limeandikwa kwenye kioo cha simu. Alikuta kioo cheusi, na uso wake mwenyewe ndani yake.

Mama Mdogo aliacha kuimba dukani. Wateja walimuuliza habari za dada yake, naye akajibu kwa kuwauliza wanataka kilo ngapi. Siku moja Chelimo, akiwa amejiinamia nyuma ya magunia akitafuta kifuniko cha debe, alimsikia jirani akisema kwa sauti ya chini, "Hawa wa Uarabuni, Milcah, wengine hurudi kwa sanduku. Jikaze." Chelimo alibaki pale chini, kifuniko mkononi, mpaka jirani akaenda zake.

Mwishowe Mama Mdogo alifunga duka na kumchukua Chelimo hadi mjini Nakuru, kwa wakala aliyempeleka Jemutai kazini. Aliitwa Madam Truphosa. Alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, na nyuma ya meza yake kulikuwa na ramani kubwa ya dunia. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, kisha akawapigia simu wenzake wa Maskati, akaongea nao kwa muda mrefu. Alipoweka simu chini hakuwatazama mara moja.

"Ile familia aliyokuwa akiifanyia kazi haiko tena Maskati," alisema. "Wenzetu walifika hadi nyumbani. Geti limefungwa. Jirani anasema walihama na msichana wao wa kazi, ila hajui walikoenda. Sasa nataka mnisaidie. Mara ya mwisho Jemutai alisema yuko wapi?"

Mama Mdogo alimgeukia Chelimo. "Wewe ndiye uliyeongea naye."

Jina lile geni lilimjia Chelimo kinywani, na ule mvuto wake wa mwishoni. Akaitazama ramani ukutani, yenye majina yote yaliyopangwa vizuri, akaitazama miwani ya Madam Truphosa. Akaona aibu. Aliona kwamba akilitaja vile, huyu mama msomi atajua kwamba Jemutai wa Rongai hawezi hata kutamka nchi anayofanyia kazi.

"Alisema yuko Oman," Chelimo akajibu.

"Bado Oman? Alitamka hivyo yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi tutatafuta humohumo Oman, mji kwa mji," Madam Truphosa alisema, akachukua kalamu.

Walitafuta kweli. Wakaulizia hospitalini, wakaulizia katika makundi ya Wakenya wanaofanya kazi huko, wakaulizia mpaka miji ambayo Chelimo mwenyewe hakuwa ameiona kwenye atlasi. Kila Madam Truphosa alipopiga simu kwa Mama Mdogo, alianza kwa kusema pole. Hakuna aliyemwona Jemutai. Omani nzima ilikuwa kama imemmeza.

Chelimo aliacha kuifungua atlasi. Zamani alipoweka kidole juu ya Maskati alihisi kama amegusa paa la nyumba aliyomo mama. Sasa hakujua aweke kidole wapi. Kumkosa mama akijua alipo lilikuwa jambo gumu, lakini alilizoea. Kumkosa bila kujua hata upande wa kugeuzia uso wakati wa kumwombea, hilo hakuweza kulizoea.

Siku moja Mwalimu Masinde, aliyewafundisha Masomo ya Jamii, aliingia darasani mikono mitupu.

"Leo hatuanzi na kitabu," alisema. "Niambieni. Mtu akisema yuko Rongai, yuko wapi?"

"Hapa!" darasa zima likajibu.

"Mna hakika? Basi nisikilizeni. Muhula uliopita, jirani yangu hapa alikuwa akimngoja dada yake, Nangila, kutoka Machakos. Alimwambia aje Rongai. Jioni dada akapiga simu: 'Nimefika Rongai, njoo unichukue.' Jirani akatoka hadi stendi. 'Niko stendi, sikuoni.' 'Mimi pia niko stendi.' 'Nimesimama karibu na wanaouza mahindi.' 'Hata mimi nawaona hao wa mahindi!' Wakabishana hivyo mpaka giza likaingia. Kumbe dada ameshukia Ongata Rongai, kule nje ya Nairobi."

Wanafunzi waliangua kicheko. Mwalimu Masinde aliwangoja wanyamaze.

"Nani alikosea jina?"

"Dada!" wengine wakasema. "Jirani!" wengine wakasema.

Fancy aliinua mkono. "Hakuna aliyekosea jina, mwalimu. Ila kila mmoja alidhani Rongai ni moja tu, ile anayoijua yeye."

"Vizuri sana, Fancy. Na hawakuulizana. Kila mmoja alishughulika kumweleza mwenzake kwamba amepotea." Mwalimu alitembea kati ya madawati. "Tena kuna mahali pamoja penye majina zaidi ya moja. Kiingereza huita Egypt, sisi kwa Kiswahili tunaita Misri, na wenyewe wakiwa kwao husema Masr. Sasa, Atlasi wetu, jina la kweli ni lipi?"

Darasa likageuka kumtazama Chelimo. Siku nyingine angekuwa amesimama kabla swali halijaisha. Leo alibaki ameinamia dawati. Kichwani mwake ilikuwa ikipita sauti moja, ndogo, inayokatikakatika: Sikiliza. Wenyewe husema...

Kengele ilipolia wenzake walikimbilia uwanjani. Chelimo alibaki.

"Mwalimu," alisema, akisogea mbele. "Kuna mahali panaitwa kama Oman lakini siyo Oman?"

Mwalimu Masinde alikuwa amesikia habari za mama yake. Mji mzima ulikuwa umesikia. Alivuta kiti, akakaa. "Kwa nini unauliza?"

"Mama alitaja jina. Mimi nikamwambia anakosea. Nikamsahihisha."

"Alilitajaje?"

"Alisema kama Oman, lakini..."

"Hapana, Chelimo. Usilinyooshe. Lilete jinsi alivyolisema yeye."

Chelimo alifumba macho. Hakuwahi kulitamka jina lile kwa mdomo wake. Alilitafuta, akalisikia, akalitoa jinsi lilivyokuja siku ile, kwa sauti ya mama yake na kwa mvuto wa mama yake.

"Ammaan."

Kulisema kulimfanya amsikie mama waziwazi, kana kwamba amesimama nyuma ya dawati. Machozi yakamtoka. Mwalimu hakumwambia anyamaze. Alikwenda kabatini, akaleta atlasi, akaiweka mezani.

"Alisema nini kingine?"

"Tumbo linamsumbua. Na akasema habari ya Yordani, kwamba ameuona. Nilidhani ni mambo ya kanisa."

Mkono wa mwalimu ulisimama juu ya ukurasa. Kisha akafungua upesi, akaweka kidole kwenye nchi moja ndogo, mbali sana na Omani, upande wa kaskazini.

"Nchi hii unaiitaje?"

"Jordan," Chelimo alisema. Hiyo aliijua vizuri, pamoja na majirani zake.

"Na katika Biblia ya Kiswahili, ule mto alimobatizwa Yesu unaitwaje?"

Chelimo aliitazama tena ile nchi. Majina yale mawili yalikaa miaka yote kichwani mwake, moja shuleni na jingine kanisani, na hayakuwahi kukutana.

"Yordani," akanong'ona.

"Ni jina lilelile. Mto na nchi. Sasa soma jina la mji mkuu wake."

Chelimo aliinama. Nyota ndogo nyeusi, na kando yake maandishi. Amman. Aliwahi kuupita mji huo mara nyingi akitafuta miji mingine. Mama alikuwa amemwambia kila kitu: mji, nchi, mto, hata ugonjwa.

Jioni hiyo alimweleza Mama Mdogo, bila kuficha neno. Ilikuwa vigumu kuliko alivyodhani. Mama Mdogo alikaa juu ya gunia, akashika kichwa.

"Chelimo! Wiki zote hizi tunamtafuta mahali ambapo hayuko!"

"Najua, Mama Mdogo. Nisamehe."

Mama Mdogo aliinuka, akachukua simu, akampigia Madam Truphosa. Alipomaliza salamu tu, akamkabidhi Chelimo. "Ongea wewe. Ni wewe uliyesikia."

"Shikamoo, Madam," Chelimo alianza. "Ni mimi, mtoto wa Jemutai. Ulipouliza mama alisema yuko wapi, nilikuambia Oman. Yeye hakusema Oman. Alisema Ammaan. Mimi ndiye niliyelibadilisha, kwa sababu nilidhani hajui kutamka, na niliona haya."

"Ammaan," Madam Truphosa akarudia polepole. "Yordani! Ngoja, mtoto wangu. Ngoja tu."

Ilichukua siku kadhaa. Madam Truphosa alimpata muuguzi Mkenya anayefanya kazi Amman, na muuguzi huyo akauliza katika kikundi chao cha wanawake wanaosali pamoja siku za Ijumaa. Wakagawana hospitali za mji, kila mmoja na zake.

Chelimo alikuwa akishikilia mdomo wa gunia ili Mama Mdogo amimine mahindi, simu ilipolia. Namba ilikuwa ngeni. Mama Mdogo aliitazama, akaogopa kuipokea. Chelimo aliinyakua.

"Hallo?"

"Chelimo?"

Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa ile. Mdomo wa gunia ulimponyoka Chelimo, na mahindi yakamwagika hadi mlangoni, na hakuna aliyeyajali. Mama Mdogo alipiga kelele ya furaha iliyowatoa majirani madukani mwao.

Jemutai alikuwa kitandani hospitalini. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo ghafla, kisha kidonda kikapata shida, akawa haelewi siku wala saa. Simu yake ilivunjika siku alipoanguka jikoni, na namba zote za nyumbani zilikuwa humo. Mwajiri wake alimletea chakula na kumlipia matibabu, lakini hakumjua mtu yeyote Kenya. Sasa Jemutai alikuwa akipona. Muuguzi yule Mkenya ndiye aliyemshikia simu.

Mama Mdogo aliongea, akalia, akaongea tena, kisha akamwachia Chelimo. Picha ikatokea. Mama alikuwa amekonda, na mkononi alikuwa amebandikwa plasta. Chelimo alishindwa kuondoa macho kwenye mkono ule.

"Mama, uliniambia," alisema. "Uliniambia ulipo, nami nikakukataza."

"Hukunikataza. Mtandao ulikuwa mbaya."

"Hapana, mama. Nilikusikia. Nilikusikia vizuri. Kwa nini hukuendelea kuniambia kwamba nimekosea?"

Mama alisita. "Nilifikiri unaona aibu mbele ya wenzako, kwamba mama yako amekaa ng'ambo na hajui kuongea. Nikaona heri niseme unavyotaka wewe, tusije tukatumia hizo dakika chache kugombana." Alijaribu kutabasamu. "Wewe ndiye unayesoma, Chelimo. Nilidhani labda wewe ndiye unayejua."

Maneno hayo yalimchoma Chelimo kuliko kama mama angemgombeza. Aliinamisha uso, na mama akamngoja mpaka alipouinua tena.

"Sikiliza nikuambie," mama alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mzazi. "Kitabu ni kizuri, na mimi nataka usome hadi mwisho wake. Lakini aliyechora ramani alipita tu. Waliozaliwa mahali ndio waliopaita jina lake, na wao ndio wa kwanza kuulizwa linavyotamkwa. Mtu akikutajia jina usilolijua, usianze kwa kumcheka. Muulize: ni wapi huko? Wenyewe husemaje? Na ukitumwa kufikisha neno la mtu, lifikishe alivyolisema, hata kama sikioni mwako linasikika vibaya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na ulipoona umekosa, ulisema ukweli, hata kwa Madam Truphosa. Milcah ameniambia. Hilo ndilo lililonifikia huku nilipolala."

Nje ya duka, majirani walikuwa wakisaidia kuokota mahindi. Mama Mdogo alikuwa akiimba. Chelimo alitaka kuuliza mama atarudi lini, naye alijua jibu: mkataba ungeisha mwezi wa Aprili, na Aprili ilikuwa mbali. Akauliza jambo jingine.

"Kukoje huko, mama?"

"Ni vilima vitupu, kimoja nyuma ya kingine, na nyumba za mawe meupe zimepanda hadi juu. Asubuhi hupita gari la kuuza gesi likipiga muziki. Mwanzoni nilidhani ni harusi." Mama alicheka kidogo, akashika tumbo. "Kila kilima kina jina lake. Wao husema jabal."

"Jabal," Chelimo alirudia, taratibu. "Mama, hiyo si kama jabali letu?"

"Ni kama jabali letu kabisa. Nilipolisikia mara ya kwanza, nilisahau kwa dakika moja kwamba niko mbali na nyumbani."

Chelimo alivuta gunia tupu, akaketi, akaisogeza simu karibu na sikio ili asipitwe na neno.

"Endelea, mama," alisema. "Nitajie na vingine."